Kicheko cha Zlatina na Ukurasa Ulio Wazi

Jumatatu, 4 Machi
Kapka amekifuta tena! Kicheko cha marehemu mke wangu, kimefutwa kama mavumbi ya rafu.

Kwenye hifadhidata yetu ya muziki wa harusi mtu yeyote anaweza kusahihisha, kisha wengine wanapiga kura. Wote hupiga kama Kapka, maana aliwafundisha muziki shuleni na bado wanamwogopa. Nilikuwa nimeandika kwenye ukurasa wa kanda ya bendi ya Yanko, mpiga klarineti: “Kicheko: Zlatina Velcheva.” Kinasikika mwishoni kabisa, klarineti ikinyamaza tu. Kapka amejibu kwamba kicheko si ala, na kwamba sina ushahidi ni cha nani. Ushahidi! Nimeishi na kicheko kile hadi Novemba ya mwaka juzi.

Jumatano, 6 Machi
Mkutano wa wahariri, nyumba ya utamaduni. Kila mtu analalamikia ukurasa wa kuhariri. Unataka kurekebisha jina la mpiga ngoma, unafuta kwaya nzima. Kapka akauliza nani atabuni ukurasa ulio wazi zaidi. Nikanyoosha mkono. Mpango: nitachomeka kisanduku kidogo, “Sauti nyingine zilizosikika”, kisichopigiwa kura. Hatakiona.

Akauliza najua nini kuhusu ubunifu. Nikamwambia mabango yote ya kiwanda cha makopo niliyachora mimi. “HATARI, MVUKE.” Hakuna aliyeungua. Isipokuwa Petko, ambaye hakujua kusoma.

Nimepewa kazi!

Ijumaa, 8 Machi
Sikukuu ya wanawake. Nimempelekea Kapka mawaridi, apate kulainika. Aliyahesabu mlangoni, akaniuliza kama namtakia kifo. Yalikuwa sita. Kwetu walio hai hupewa maua ya idadi witiri. Shufwa ni ya makaburini. Siku hizi muuza maua akiniona tu anafunga sita, nami nalipa bila kutazama. Nilichomoa moja. Akasema sasa shada limeharibika.

Jumapili, 10 Machi
Umekamilika! Mwanamuziki mmoja, ukurasa mmoja. Picha katikati. Jina kwa herufi kubwa. Miaka chini yake. Pembeni mstari mweusi mnene, jicho lisitangetange. Mkono ulikwenda wenyewe, kama vile ulikuwa umeshachora kitu hiki mara nyingi. Mpwa wa Kapka, mtaalamu wa kompyuta, ameuweka mtandaoni jioni hii. Amesema hajawahi kuona ukurasa mtulivu namna hii.

Jumatatu, 11 Machi
Balaa.

Yanko amepiga simu kabla sijanywa kahawa. Binti yake kapiga kutoka Hispania analia. Mtu kawasha mshumaa getini kwake. Jirani kaleta ngano ya kuchemsha, ile ya matanga, naye Yanko, akiwa na njaa, kaila. “We mzee, umenizika mimi? Na picha ile mbaya ya jeshini?”

Nikatazama mlango wa nyumba yangu, pale ninapobandika tangazo la ukumbusho wa kifo cha Zlatina kila nusu mwaka. Picha katikati. Jina kubwa. Miaka. Mstari mweusi.

Usiku mmoja nimewafisha wanamuziki wote wa Bulgaria. Baadhi yao wana harusi Jumamosi.

Jumanne, 12 Machi
Mkutano wa dharura. Yanko alikuja mwenyewe kuthibitisha anapumua. Kapka akasoma makosa yangu. Kisanduku amekiona, tena kwanza kabisa! Akawaambia wote kwamba nimeua nchi nzima kwa ajili ya kicheko.

Yanko akataka kukisikia. Kapka akacheza kanda. Klarineti, kimya, halafu Zlatina. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Yanko akapiga meza. “Huyo Zlatina! Nilikosea noti ya mwisho, akacheka, na kanda nyingine hatukuwa nayo! Alikaa pale kwenye gunia la pilipili, hana hata haya!” Kapka akamuuliza kama huo ni ushahidi. Yanko akamwambia, “Andika, mwalimu. Nikifa tena nani atakuambia?”

Kapka akaandika mwenyewe, kwenye ukurasa wa zamani. Kwanza Zlatina akatokea kwenye kwaya ya wachimba migodi. Kapka akatukana kimyakimya, akarudia. Kisha: “Kicheko: Zlatina Velcheva.” Mikono yote ikaenda juu. Kapka hakunitazama, ila alinisogezea leso.

Nimepigwa marufuku kubuni chochote. Nimeapa mbele ya wote. Nimeapa kwa dhati.

Jumatano, 13 Machi
Asubuhi nimefungua ukurasa wa kanda ile mara nyingi, kutazama tu kama jina bado lipo. Lipo.

Baada ya chakula nikasikiliza kanda ya bendi ya reli. Karibu na mwisho mtu anakohoa. Mara moja, kisha anajizuia, kama anayeomba radhi. Ni yeye! Kweli, Zlatina hakuwahi kukanyaga ukumbi wa reli. Lakini alikuwa mtu wa kutembea.

Ukurasa wa zamani hauna pa kuweka kikohozi. Nimechonga penseli.