Pakiti ya Kahawa ya Mzee Bartul

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimefika Krševica. Miaka tisa ya kuwashikia wenzangu nafasi: huyu kajifungua, yule kavunjika mguu, na mimi njiani na sanduku langu. Sasa basi! Daktari Grgur wa hapa kastaafu ghafla, magoti yamemshinda, na Ijumaa baraza la kijiji linachagua wa kudumu. Nafasi ni yangu. Wao tu hawajajua.

Mkakati: nionekane daktari wa kisasa, asiyekula cha mtu. Mzee Bartul kaja na kikohozi kidogo, moyo mzima kuliko wangu. Kaniwekea pakiti ya kahawa mezani, kama wafanyavyo wote huku. Nimemrudishia kwa heshima zote. Kanitazama sana, kaniuliza kama nina hakika. Hakika kabisa, nikamwambia. Kaondoka bila kuaga. Bila shaka uadilifu wangu umemgusa.

Sista Ljerka, muuguzi wa hapa miaka ishirini na sita, ananiita Daktari wa Muda mbele ya wagonjwa. Atanitambua.

Jumanne, 7 Oktoba
Hakuna mgonjwa hata mmoja! Nikadhani nimewaponya wote kwa siku moja. Saa nne Sista Ljerka, kwenye kiti chake chenye mto, bila kuacha kufuma soksi yake, kanipasha kwamba Mzee Bartul yuko kitandani anagawa mali. Trekta kwa mpwa wake, mbuzi kwa dada. Suti ya kuzikiwa imetundikwa nje ipate hewa.

Nikauliza kapatwa na nini.

"Si wewe umemkatalia kahawa?" kasema. "Grgur alikataa mara moja tu maisha yake yote, kwa marehemu Frane, na Frane hakumaliza wiki. Hapa daktari akikataa kahawa, ndiyo basi tena."

Upuuzi mtupu! Nimekasirika mpaka saa sita. Kisha nikaogopa. Daktari aliyeua mtu kwa uadilifu hapewi kazi popote.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimepanda kilima hadi kwa Mzee Bartul. Mlangoni nikapishana na padri. Nimempima mzee upya, nimemweleza mapafu yake tundu kwa tundu. Akanipapasa mkono. "Usijilaumu, mwanangu. Umefanya ulichoweza."

Nikaona maelezo hayasaidii. Nikapiga meza. Nikasema naitaka kahawa yangu, tena sasa hivi!

Mkewe, Bibi Mande, kadondosha sufuria. Mzee kajiinua, kauliza kama naitaka kweli. Nikasema naitaka, na kama kuna ya pili nabeba zote. Dakika kumi baadaye alikuwa amevaa viatu, yuko uani anamfokea mpwa wake arudishe ufunguo wa trekta.

Njiani nimelia kwa furaha. Si jambo la kuandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Alhamisi, 9 Oktoba
Foleni mpaka barabarani! Hakuna anayeumwa. Kila mmoja anaweka kahawa mezani na kuukodolea macho mkono wangu. Nikiipokea, anashusha pumzi na kugeuka aende zake. Nikaamuru hakuna kutoka bila kupimwa. Fundi seremala mmoja, ambaye hajakanyaga zahanati miaka kumi, presha yake ilikuwa ya kutisha. Gari la wagonjwa limemwahi. Jioni wamepiga simu kutoka hospitali: atapona.

Sista Ljerka leo kaniita Daktari. Basi, Daktari tu. Nimejifanya sikusikia, ili aseme tena.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mwenyekiti Šimun kaja zahanati na mkataba mkononi. Baraza zima limenikubali, kasema, na aliyenung'unika ni mpwa wa Bartul peke yake.

Ningeweza kutia saini. Lakini anayekubali haraka hujishusha bei! Nikajikuna kidevu, nikasema kuna hospitali ya pwani inanililia. Nikasubiri anibembeleze.

"Hongera sana, Daktari," kasema. "Hatuwezi kukuzibia riziki." Kakunja mkataba, huyo katoka.

Nimemkimbiza kilima kizima, koti jeupe linapepea, hadi kituo cha basi alikoegesha gari. Nimesaini juu ya boneti, mbele ya watu kumi na mmoja waliopiga makofi. Sista Ljerka kacheka mpaka kaketi chini.

Nina kazi! Ya kudumu! Nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo.

Mkakati mpya: Jumatatu namwambia Sista Ljerka nimepata kazi nzuri zaidi kwingine. Akianza kunibembeleza, naomba kile kiti chake chenye mto.