Goti la Fundi Toihir

Alhamisi, 1 Julai 1976. Moroni, Magoudjou.
Mapambano tisa, nimebwagwa tisa. Lakini Jumanne tunacheza mieleka Mutsamudu, uhuru ukitimiza mwaka, nami nimo kati ya sita waliochaguliwa. Tuko saba; mmoja ameugua.

Leo nimeingia chumba cha kubadilishia nguo nikaanza kuwasalimu walio karibu na mlango. Kosa. Desturi ni kumpa mkono kwanza mkubwa wetu, Fundi Toihir, bingwa, kisha wengine. Na mdogo ndiye anayefagia. Nikawaambia serikali ya mapinduzi imefuta ukubwa, sasa ni zamu ya vijana. Fundi akasema sawa, basi tupige kura ya vijiti kwa ufagio. Kijiti kifupi: mimi.

Haya naandika kwa Kiswahili, lugha niliyotoka nayo Unguja, ili Soilihi asiyasome. Huyo ni wa pili kwa Fundi, na mdaku.

Jumapili, 4 Julai. Melini.
Nimetapika tangu Moroni. Nyuma ya magunia ya mchele nimemkuta Fundi anafunga goti la kushoto kwa kitambaa. Limevimba kama shelisheli. Akaniomba nisimwambie mtu. Ya wanamieleka hubaki kwa wanamieleka. Nikaapa.

Baadaye nikafikiri. Pambano la mwisho, lile ambalo mji mzima hulingoja, ni lake kila mara. Akianguka vibaya, nafasi itakuwa wazi. Sikuapa kwamba sitafikiri.

Jumatatu, 5 Julai. Mutsamudu.
Asubuhi nimemtafuta Idarousse, bingwa wa hapa, mchukuzi wa bandarini, kifua kama mlango. Nikamkuta nyumbani kwake, nikamnong'oneza: goti la kushoto la Fundi. Mkewe akanipa chai. Akaniuliza jina langu na tumefikia wapi. Nikajibu yote, kwa fahari.

Alasiri Idarousse akatokea kwenye darasa tulilopewa kubadilishia nguo. Akampa mkono Fundi kwanza, kisha kila mmoja, hata mimi. Halafu akasema, "Fundi, leo goti lako limeletwa nyumbani kwangu. Nimekuja kulirudisha."

Akanitaja kwa jina. Wote wakanigeukia. Soilihi akataka nipandishwe meli ya kwanza na nisikanyage tena chumba chetu. Hakuna aliyenitetea. Nikatazama ubao. Mwalimu alikuwa ameacha hesabu za kutoa.

Fundi akauliza kwa nini. Nikasema ukweli, maana uongo haukuja kwa wakati: nimechoka kupambana watu wakiwa bado wananunua karanga.

Akalikanda goti lake muda mrefu. Kisha akasema, "Kesho hili halitasimama. Utapambana na Idarousse wewe."

Sijui kama ni msamaha au adhabu. Sijala.

Jumanne, 6 Julai. Mutsamudu.
Pambano la mwisho, mimi. Mji mzima. Karanga zimekwisha.

Mara ya kwanza nimebwagwa kabla sijamaliza Bismillahi. Mara ya pili nikamshika kiuno nikang'ang'ania. Fundi, mguu juu ya benchi, akapaza sauti nishushe nyonga. Nikashusha. Idarousse akayumba, goti likakaribia mchanga. Watu wakapiga makofi. Kwangu. Halafu akanibwaga.

Kumi. Lakini alininyanyua mwenyewe, akanifuta mchanga usoni, na darasani akanionyesha mguu ninaoutanguliza vibaya. Nikaomba radhi mbele ya wote. Fundi akasema goti limesikia. Soilihi akanipa ufagio, kisha akajitafutia wake. Tukafagia pamoja. Machozi kidogo. Vumbi.

Jumatano, 7 Julai. Melini.
Fundi ameahidi kunifunza yeye mwenyewe, mpaka nishinde. Nimekuwa mtu mwingine. Leo nimewapa mkono wote kwa mpangilio, mkubwa kwanza, mpaka nahodha.

Tulipokuwa tunatapika pamoja, Soilihi amenikabidhi siri: bega lake la kulia huchomoka. Amesema sasa mimi ni ndugu. Nikaapa. Nimeguswa sana.

Mwezi ujao tunapambana na watu wa Fomboni. Fundi atakuwa bado anapumzika, kwa hiyo la mwisho ni la Soilihi. Bingwa wa Fomboni anaitwa Mdahoma, na nasikia anasoma barua zake mwenyewe. Kosa langu Mutsamudu lilikuwa kwenda kwa miguu yangu na kutaja jina.

Nimemwomba nahodha bahasha.