Balbu ya Vifaranga wa Mama Mkwe

Nimeaibika ukweni leo, na aibu yenyewe bado inaendelea hapa ninapoandika. Naandika kwa mkono mmoja. Mtajua kwa nini.

Wanaonifahamu wanajua habari yangu na umeme. Mimi ni fundi cherehani pale Korogwe, na tangu nilipoweka balbu za LED nyumbani na kwenye kibanda cha kazi, luku, umeme wa kulipia kabla, imenipumzisha kabisa. Nimekuwa mhubiri. Mteja akija kupima suruali anaondoka na mawaidha ya balbu. Mke wangu, Mama Zuhura, alishaniambia iko siku nitahubiri hadi msibani. (Nilishahubiri. Walikuwa wamewasha balbu za njano, zile za zamani, uwanja mzima, ningenyamazaje?)

Sasa, mama mkwe wangu anaishi Handeni peke yake, na kila akipiga simu ni kwamba luku imekata. Anayemnunulia ni mwanyumba wangu Hamisi, yule aliyemwoa mdogo wa mke wangu. Kwa hiyo Hamisi anaitwa "mwanangu". Mwanangu Hamisi kaniletea hiki, mwanangu Hamisi kanitengenezea kile. Mimi niliyemwoa binti mkubwa naitwa Baba Zuhura, kama mtu wa kusomwa kwenye orodha ya kliniki. Inaniuma, nisiwafiche. Nikaapa kwamba safari hii sinunui luku ya kuisha wiki mbili. Nabadilisha balbu zote za nyumba ile, hata moja ya njano haibaki, na sitoki Handeni mpaka niitwe mwanangu.

Asubuhi tukapanda gari, mimi, mke wangu, na boksi la balbu mapajani. Nimevaa shati jipya la kitenge, nimelishona mwenyewe kwa ajili ya ukweni. Njiani mke wangu ananieleza kwamba mama ameanza upya kufuga kuku. Mwaka jana ugonjwa wa kideri ulimfagilia banda zima, akalia kama kafiwa, na sasa amejikusanya amenunua vifaranga wa mashine. Nikaitikia "ehee, ehee". Kichwani nilikuwa nahesabu vyumba.

Handeni tumekuta manyunyu na upepo. Mama mkwe katupokea kavaa sweta na khanga mbili juu yake. Mimi kwetu ni Kwashemshi, milimani, hivyo baridi ya Handeni kwangu ni ya kukaa kifua wazi. (Hilo neno, kifua wazi, liwekeni akilini.)

"Shikamoo mama," nikasema, macho chini kama inavyotakiwa.

"Marahaba, Baba Zuhura. Habari za Korogwe?"

"Nzuri mama. Nimekuja kumaliza tatizo la luku. Nabadilisha balbu zote."

Akaliangalia lile boksi. Nikaona amefurahi, ila anajikaza. "Haya, ahsante. Ila stoo iache tu."

Nyie mnawajua wazazi wetu. Ukimletea chakula anasema acha tu nimeshiba, ukimnunulia khanga anasema acha tu ninazo, na moyoni anaitaka. Nikajua stoo ndiyo anayoitaka zaidi.

Wakatoka yeye na mke wangu kwenda kumpongeza jirani aliyejifungua. Nikabaki na nyumba. Nikapandisha stuli juu ya meza na kazi ikaanza. Sebuleni, ukumbini, jikoni, barazani, bafuni. Chumba cha mama mkwe sikuingia, kwa heshima. Niliomba radhi mlangoni, nikanyoosha mkono na fimbo ya fagio, nikashindwa, na kwa kuwa balbu yenyewe ilishaungua siku nyingi, nikakiacha.

Balbu za zamani sikuzihifadhi. Najua tabia za watu, ukimwachia balbu nzima kwenye kabati, kesho anairudisha. Nikazikusanya zote kwenye ndoo, nikaenda kuzimimina kwenye choo cha shimo, ili pasiwe na wa kurudi nyuma. Nikasikia zinavyotua huko chini na moyo ukatulia.

Kisha nikafungua stoo.

Ndugu zangu, mchana kweupe, ndani ya boksi kubwa la karatasi lililofunikwa gunia, kuna balbu ya njano inawaka! Tena ile kubwa kuliko zote, ile mla luku mwenyewe. Nikafunua gunia. Vifaranga wamejilaza chini yake, wamenyoosha miguu, wanastarehe. Nikacheka peke yangu. Nikawauliza, "Nyie mnasoma nini humu mpaka mwashiwe taa mchana?"

Nikazima, nikaisubiri ipoe, nikaweka LED. Mwanga mweupe, boksi zima kama zahanati. Nikaigusa, haiunguzi. Nikajisifu kwamba hata usalama wa vifaranga nimeufikiria. Ile kubwa nikaisindikiza chooni kwa wenzake.

Nikakaa barazani kusubiri sifa. Baada ya muda nikasikia vifaranga wanalia. Nikadhani njaa, nikawaongezea pumba. Wakazidi. Sasa walikuwa wamejazana kona moja, wanapandana. Nikadhani wanaushangaa mwanga mzuri.

Mama mkwe akarudi. Na hakurudi na mke wangu tu. Alikuja na majirani wawili, kina mama wa makamo, maana huko kwa mzazi alikuwa amenisifia na amewaleta waone kazi ya mkwe wake. Nikasimama. Wakaangalia sebule, wakaangalia jikoni, wakasema "ehe, kweli". Nilibakiza hatua moja kuwa mwanangu.

"Mbona vifaranga wanalia hivyo?" akauliza mama mkwe.

"Wamechangamka mama," nikasema. "Na wao nimewawekea."

Alikwenda stoo mbio, na yule mama anaumwa magoti. Tukamfuata. Akafunua gunia, akatazama lile rundo pale kona, akaitazama balbu, akanitazama mimi.

"Baba Zuhura. Hawa wanasoma?"

Hilo swali nilishaliuliza mwenyewe.

"Vifaranga wa mashine hawana mama," akasema taratibu. "Ile balbu ndiyo ilikuwa mama yao. Inawapa joto. Iko wapi?"

"Chooni mama."

"Chooni wapi?"

"Ndani."

Akasema neno la Kizigua ambalo mke wangu mpaka sasa amekataa kunitafsiria. Kisha akamtoa kifaranga mmoja chini ya rundo. Shingo imelegea, macho yamefumba. Nikaona mama mkwe anampulizia pumzi, na hapo balbu, luku, Hamisi, vyote vikanitoka. Nikakumbuka alivyolia mwaka jana. Niliogopa sana.

Mke wangu akakimbia dukani, akarudi mikono mitupu. Muuzaji amemwambia za njano siku hizi haleti, watu wote wanataka LED. (Tunawahubiria wenyewe.) Mkaa wa kuweka kwenye chungu uwape joto umelowa manyunyu, unatoa moshi tu. Mama mkwe akanigeukia.

"Wewe si ulimuua mama yao? Basi mama yao ni wewe. Kaa chini, fungua shati."

"Mama, hapa mbele yako?"

"Fungua shati, Baba Zuhura!"

Mkwe haonekani kifua wazi ukweni. Hata maji ya kuoga napelekewa nyuma ya nyumba na navaa kabisa kabla ya kutoka. Leo nimekalishwa mkekani sebuleni, chini ya balbu yangu mpya inayoonyesha kila unywele, vifungo wazi, na mama mkwe mwenyewe ananijaza vifaranga kifuani, kwapani, mgongoni, kisha ananifunga khanga kwa juu. Wale majirani walijitahidi. Mmoja alitoka nje akajifanya anakohoa. Mwingine hakujisumbua kutoka. Yule mlegevu akawekwa katikati, juu ya moyo.

Sikutikisika. Nikajiambia, hapa hafi mtu. Walininyea shati zima, sikutikisika. Miguu ikafa ganzi, sikutikisika. Mkaa ukashika, chungu kikawekwa kwenye boksi, wenye nguvu wakarudishwa. Wadhaifu nikasema niachieni. Na muda mfupi uliopita yule wa katikati amefumbua jicho, akanidonoa. Nimefurahi mpaka machozi, wallahi.

Mama mkwe akachungulia ndani ya khanga. Akamwona. Akanigusa bega.

"Geukia huku kidogo, mwanangu. Hao wa mgongoni wanapigwa na upepo."

Nimegeuka. Bado nipo hapa mkekani, mkono mmoja umewashikilia ndani ya khanga, na sasa wote wamelala. Naomba msinichekeshe kwenye simu, maana nikicheka wanaamka.