Yapa ya Mama Eudocia

Wenceslao Ayquipa hakuwa na duka. Hakuwa na cheti, ingawa soko zima la kompyuta katikati ya Lima lilimwita Injinia. Hakuwa na haya. Na wiki ile, jambo lililomkosesha usingizi, hakuwa na bodi mama wala prosesa. Kompyuta aliyokuwa akimuundia baba mkwe ilikuwa sanduku jeusi lenye taa za buluu, na ndani yake hewa tupu.

Baba mkwe huyo, Mzee Teodosio wa mji wa milimani wa Huancayo, alishatamka: "Anayejiita injinia aniletee kompyuta aliyoiunda kwa mikono yake. Isipowaka mbele yangu, binti yangu Zenaida haolewi."

Ndipo Injinia akamwona Mama Eudocia akipenya umati, kompyuta yake kuukuu imefungwa mgongoni kwa kitambaa cha mistari kama mtoto mchanga.

"Karibu, mama yangu! Mtoto anaumwa nini?"

"Uzee, kijana. Nikibonyeza herufi, inachelewa mpaka nasahau nilitaka kuandika nini. Mimi naandikia watu barua mbele ya posta, na wateja wananikimbia. Nataka bodi na prosesa mpya, ila mkoba wangu mwembamba."

"Mikoba myembamba ndiyo ninayoitibu."

Akaifungua kwenye kibanda cha Abundio, muuza vipuri. Moyo ukamruka. Chini ya vumbi palikuwa na bodi nzuri na prosesa ya nguvu, masalia ya ofisi ya wakili fulani. Kilichoilemea ni uchafu tu, na ule ute wa kupozea uliokauka kama uji wa juzi. Brashi na subira vingetosha. Injinia akavua kofia.

"Pole, mama. Vimefariki."

"Vyote viwili?"

"Bodi ilitangulia, prosesa ikafuata kwa huzuni."

Akanunua kwa Abundio bodi hafifu na prosesa inayooana nayo, akamuuzia mama kwa bei ya chini kuliko aliyonunulia. Hasara hiyo aliimeza akitabasamu, kwa kuwa ndani ya koti lake sasa palikuwa na harusi nzima.

Mama Eudocia akalipa, wala hakuondoka. "Na yapa yangu?"

Muuzaji wa soko lile aweza kudanganya bei, aina ya bidhaa, hata jina lake mwenyewe. Lakini mnunuzi akishalipa akadai yapa, kile kiongezeo cha bure, kumnyima ni kujivua nguo hadharani.

Injinia akatoa waya.

"Ninao."

Akatoa feni.

"Baridi ya Lima yanitosha."

Akatoa kalenda.

"Ya mwaka jana hii! Nipe basi marehemu wangu, nikawazike."

"Mama, ni takataka zile! Zina sumu!"

"Sumu, nawe umeikumbatia kwapani?"

Vibanda vyote vikaangua kicheko. "Mpe mama maiti zake, bwana!" Abundio akapaza sauti. "Au siku hizi unanyima yapa?"

Koti likafunguka polepole, kama mlango wa jela.

Mama Eudocia akaenda kumuuliza muuza vyuma chakavu marehemu wangempatia nini kwa kilo. Yule akapuliza vumbi, akapiga mluzi, akamwelekeza kwa fundi mwaminifu. Jioni mtoto alikuwa anakimbia kwa ubongo wake wa zamani, na bodi ile hafifu mama ameshamuuzia Abundio tena kwa faida.

Ijumaa Injinia alihitaji barua iliyochapwa, maana Mzee Teodosio haamini simu. Simu haina sahihi. Mbele ya posta mwandishi mwenye kasi alikuwa mmoja tu. Akashusha kofia hadi puani, akapanga foleni.

"Andika, mama: Baba mkwe mpendwa, kompyuta ilikuwa tayari, lakini imezuiliwa forodhani."

"Forodha gani iko kati ya Lima na Huancayo, nchi moja, Injinia?"

Akapandisha kofia. "Basi sema majambazi. Watano. Nilipigana nao kiume."

Vidole vya mama vikatiririka. Karatasi ikatoka, akaikunja, akaacha wazi ukingo wa chini tu. "Saini hapa."

Akasaini. "Mbona umemaliza haraka? Umeandika nilivyosema?"

"Majambazi watano wamezidi, mwanangu. Nimemwacha mmoja tu, na jina lake umelisaini mwenyewe."

Akalamba gundi, akaibana bahasha kwa kiganja, akaitumbukiza kwenye sanduku la posta.