Bwana Takasa na Maji Matupu Yaliyokataa Giza

Enyi mlioketi na mlio wima, mlioshiba na mnaosubiri kuitwa mezani, tegeni masikio, kwa maana habari inayokuja ni ya vita. Hapa hayatatajwa majeshi yaliyovuka milima wala ngome zilizoanguka. Hao wana waandishi wao. Hapa anatajwa Bwana Takasa, simba wa maabara, mfalme wa povu, mtesi wa madoa, na siku ile alipopigana na maji matupu ndani ya kichupa kisichozidi urefu wa kidole, akashindwa, akashindwa tena, kisha Mungu akamjalia. Ewe Mola uliyetenga nuru na giza, ukakipa kila kimoja mahali pake, simamia ulimi wa msimulizi asipunguze wala asizidishe, isipokuwa pale ambapo kuzidisha hakumdhuru mtu.

Shujaa huyu alikuwa fundi wa maabara katika hospitali moja, kwenye chumba cha mwisho cha korido, kile chenye mlango unaovimba mvua ikinyesha. Jina la Takasa alipewa na wenzake, kwa sababu hakuna kitu alichokiona kisafi mpaka akisafishe yeye. Kikombe cha chai akiletewa, atakisuuza kwanza. Akishika kitasa cha mlango, atakifuta, kisha atafuta kitambaa alichokifutia.

Asubuhi ya vita alijivika silaha zake. Koti lake jeupe alikuwa amelifua mwenyewe usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa sabuni ya unga yenye chembe za buluu, ile inayosifiwa kuwa hung'arisha kuliko zote. Akaona haitoshi, akalifua upya. Mkewe alimkuta alfajiri ameinamia beseni, anashughulikia kola.

"Baba watoto, hiyo nguo ukiisugua tena italia."

"Mke wangu," akajibu shujaa, akinyoosha mgongo kwa fahari, "leo inazinduliwa dawa mpya ya kupima damu. Macho ya hospitali nzima yatanitazama mimi. Je, waone kola yenye utando?"

"Wasione. Ila ukimaliza, kuna sufuria la uji limeganda hapa. Nalo ni adui."

Bwana Takasa akashika pasi, kwani mashujaa hujaliwa uziwi wa ghafla. Akalipiga koti pasi, akavaa, akaomba dua fupi mlangoni kama kawaida yake, akatoka anang'aa hata kuku wa jirani wakampisha.

Sasa ifahamike dawa hiyo ilikuwa nini. Wanakemia walioitengeneza waliipa tabia moja ya ajabu. Ikiwa peke yake hulala gizani kama mtu aliyechoka. Lakini ikikutana na chembe za madini ya risasi, hata zikiwa chache kiasi gani, huzikumbatia. Na ukiimulika wakati huo kwa taa ya zambarau, huwaka rangi ya buluu. Risasi ikizidi, na mwanga huzidi, na mashine ndogo iliyo pembeni huusoma mwanga huo na kutoa namba. Hivyo tone la damu lililokwisha kuandaliwa huweza kusema lenyewe kama limebeba sumu. Lakini kabla ya kuiuliza damu, sharti dawa itiwe kwanza kwenye maji matupu, yasiyo na damu wala risasi. Maji hayo lazima yabaki giza. Yakiwaka, kila jibu linalofuata ni uongo.

Na nje, kwenye benchi la korido, alikuwepo mtu aliyehitaji ukweli. Alikuwa mke wa fundi betri, amempakata bintiye mdogo aliyelala, na miguuni pake pana begi lililofungwa kwa kamba. Mumewe alikuwa akipasua betri chakavu za magari uani kwao na kuyeyusha risasi yake palepale, hatua chache kutoka pale mtoto anapochezea. Mtoto akawa analalamika tumbo, anakonda, anasinzia mchana. Mama alikuwa amekwisha kusema neno lake nyumbani: damu ikionekana ina risasi nyingi, jioni hiyohiyo kaka yake atakuja kuwachukua, waende mji mwingine, wasirudi. Na mume naye alikuwa amesema lake: wateja wake wako hapa, hatawafuata. Ndoa nzima ilikuwa imefungwa pamoja na begi lile.

Tarumbeta ikalia, maana yake Daktari Mkuu wa maabara, dada kijana asiyependa maneno mengi, alivuta pazia zito na kusema, "Haya, mzee wangu, tuanze."

Bwana Takasa akapanga vichupa vyake. Karatasi ya maelekezo iliyokuja na dawa ilisema vioshwe kwa tindikali iliyozimuliwa, kisha visuuzwe kwa maji safi ya maabara, basi. Shujaa alikuwa ameisoma akaionea huruma. Watu walioandika vile, aliwaza, hawajawahi kufua. Kwa hiyo baada ya tindikali, kwa upendo wake mwenyewe, alikuwa ameviosha tena vyote kwa unga wake wenye chembe za buluu, aliouleta kutoka nyumbani ndani ya kopo la kahawa.

Taa ya zambarau ikawashwa. Maji matupu, yasiyo na kosa lolote duniani, yakawaka buluu.

Daktari akaweka damu ya mtoto kwenye mashine, nayo ikawaka, zaidi ya maji. Namba ilikuwa ya kutisha.

"Inawezekana mtoto ana sumu nyingi," akasema daktari, "na inawezekana ni ukorofi wa hayo maji. Sijui. Siwezi kumwambia yule mama kitu. Tupeleke damu maabara kuu, majibu yatakuja baada ya wiki mbili."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. "Wiki mbili sikai, daktari. Kaka anakuja jioni. Kama hamjui, mimi nitaamini lile baya na nitaondoka."

Hapo simba wa maabara akajitokeza mbele, akaweka mkono kifuani.

"Daktari," akasema, "mimi niliyeitoa kuvu katika friji hii, mimi niliyeitiisha sinki iliyowashinda mafundi bomba, siwezi kutoka hapa nikiwa nimeshindwa na maji ya kunywa. Nipe muda. Nitayazima maji haya, au nisivae koti tena."

"Mpaka saa kumi, mzee," akajibu daktari. "Na hotuba uzipunguze, zinakula muda."

Ndipo vita vikaanza kwa kweli. Bwana Takasa alikishuku kila kitu. Alizishuku glavu, akazitupa akavaa nyingine. Alivishuku vizibo vya mpira. Aliyashuku maji yenyewe, akafungua chombo kipya ambacho hakijaguswa. Aliishuku mashine, akaizima, akaiwasha, akaipiga kofi la kirafiki mgongoni. Na baada ya kila shambulizi alirudi kwenye silaha aliyoiamini: akamimina unga, akapandisha povu mpaka kwenye viwiko, akasugua vichupa vile ndani na nje kwa kibrashi chembamba, huku midomo yake ikinong'ona, "Bwana, mikono yangu ifundishe vita."

Akarudi chini ya taa. Maji yakawaka kama kituo cha mafuta usiku.

Akaosha tena, kwa unga mwingi zaidi. Yakawaka zaidi. Loo, msikilizaji, ni uchungu gani huo, mtu kumpiga adui na adui akanenepa. Jasho lilimtoka. Kupitia ufa wa mlango alimwona yule mama akiifungua kamba ya begi na kuifunga upya, akaifungua, akaifunga, kama mtu anayetafuta fundo litakaloamua badala yake.

Wakati huo akaingia Dada wa Mapokezi, mwanamke mwenye ulimi usiolala, ambaye habari ikifika kwake saa nne, saa tano inajulikana jikoni na wodini. Alikuja kumuuliza shujaa kama atapata chai. Akasimama ndani ya pazia, akamtazama juu mpaka chini.

"Mzee Takasa," akasema, "umevaa taa?"

"Dada, niache. Niko vitani."

"Sikutanii. Jiangalie. Unawaka kama jini wa harusini."

Bwana Takasa akajitazama. Ndani ya giza lile, chini ya taa ya zambarau, koti lake lilikuwa linawaka buluu. Kola ilikuwa inawaka. Vifungo tu ndivyo vilivyokuwa na adabu. Ilikuwa buluu ileile, dada pacha wa ile iliyokuwa ndani ya kichupa.

Akaelewa. Alielewa yote kwa mpigo mmoja. Chembe zile za buluu kwenye sabuni zina kitu cha kuwaka, kinachobaki kwenye nguo ili jicho lidanganyike lione weupe. Na kilichobaki kwenye nguo kilibaki pia kwenye vichupa. Hakuna aliyeyachafua maji yale isipokuwa yeye, na aliyachafua kwa kuyasafishia chombo. Kila alipopigana, alikuwa analisha jeshi la adui.

"Unasemaje?" akauliza Dada wa Mapokezi. "Chai ya maziwa au ya rangi?"

Na hapa ndipo penye pambano kubwa la siku ile, ingawa halikusikika. Kwa maana shetani alimjia Bwana Takasa akiwa amevaa sauti ya busara. Suuza kimyakimya, akamwambia. Sema mashine ilikuwa na hitilafu, ikapona. Nani atajua? Miaka yote umeitwa Takasa. Kesho utaitwa nini? Shujaa akafumba macho. Hakuomba kwa maneno ya fahari. Alisema tu moyoni, Mungu wangu, nisaidie niseme kabla sijapata ujanja.

Akafungua pazia. "Daktari," akaita, na sauti yake haikuwa ya tarumbeta, "kosa ni langu. Nilivifua vichupa."

Daktari akainua uso. "Ulivifanya nini?"

"Niliviosha kwa sabuni ya nguo. Ya unga. Baada ya tindikali."

"Lakini maelekezo..."

"Niliyasoma. Nikaona yana upungufu."

Dada wa Mapokezi alifunika mdomo kwa kiganja, lakini mabega yake yalimsaliti. Daktari akatazama saa ya ukutani. "Bado tuna muda," akasema. "Lakini na hilo koti livue. Nyuzi zake zinaanguka mezani."

Akavua koti. Akamulikwa, na shati la ndani nalo likawaka, kwa kuwa shujaa huyu hakufanya jambo nusunusu. Likavuliwa. Akabaki na fulana, nayo ikaonekana kuwa katika njama hiyohiyo. Mwishowe Dada wa Mapokezi akakimbia getini na kurudi na sweta la mlinzi, rangi ya udongo, viwiko vimeachia, sweta ambalo halijawahi kukutana na unga wenye chembe za buluu na pengine na unga wowote. Likawekwa chini ya taa. Lilikuwa giza kama kisima.

"Mlinzi anasema ulitunze," akasema dada. "Na kwamba usilifue."

Hivyo ndivyo mfalme wa povu alivyoingia pambano la mwisho, akinuka usiku wa mtu mwingine. Alivitumbukiza vichupa vipya, ambavyo bado havijaonja mapenzi yake, katika tindikali iliyozimuliwa. Akangoja. Lo, kungoja kule. Mikono yake ilitamani kusugua, na kibrashi kilimwita kutoka pembeni mwa sinki, naye akakipa mgongo. Akasuuza kwa maji safi, akamwaga, akasuuza, akamwaga, hakuongeza kitu, hakuboresha kitu, akafuata karatasi kama mtoto anayefuata mkono wa mama yake barabarani. Akatia maji matupu. Akatia dawa. Pazia likavutwa.

Taa ya zambarau ikawashwa, na hakuna kilichoonekana.

Mashine ikafikiri kidogo, kisha ikaandika sifuri.

Bwana Takasa akatokea koridoni kwa hatua za mshindi, sweta likining'inia magotini, akamwita mke wa fundi betri aje ashuhudie. Mama akainama chini ya taa na mtoto begani.

"Sioni kitu," akasema.

"Hicho ndicho," akasema shujaa, na machozi yakamlengalenga. "Mama, tazama vizuri. Hicho ndicho."

"Baba, ninaomba majibu ya mtoto."

Damu ya mtoto ikawekwa kwenye kichupa kingine kipya. Ikawaka, lakini kwa unyonge, kama makaa yaliyokwisha kufunikwa na majivu. Daktari akasoma namba, akakirudia kipimo, akasoma tena.

"Risasi ipo," akasema. "Lakini bado haijazidi. Akiacha kuipata, mwili utaitoa wenyewe polepole. Kinachotakiwa ni kuondoa chanzo, na baadaye mumrudishe tumpime tena."

Mama akamhamisha mtoto bega la pili. "Chanzo ni betri."

"Ni betri."

"Kwa hiyo zikihama betri, sisi tunaweza kubaki?"

"Mnaweza. Uani pasafishwe, na zisirudi."

Mama akatoa simu, akampigia mumewe palepale, bila salamu. "Baba wa huyu mtoto, nisikilize. Mimi nimeshafunga mizigo yangu, sasa wewe funga betri zako. Ndiyo, zote. Hata ile meza. Kaka akifika na gari lake, hatupandi sisi, zinapanda betri." Akasikiliza kidogo. "Pa kuzipeleka utapata. Mimi nilikuwa nimepata pa kwenda, sembuse betri." Akakata simu, akamkaza mtoto begani, akaliacha begi litangulie mkononi mwa Dada wa Mapokezi, aliyetaka kusindikiza ili asikose mwisho wa habari.

Basi wafalme na waweke kumbukumbu za miji waliyoiteketeza, na majemadari wahesabu mioto waliyoiwasha. Itajwe pamoja nao, kwa heshima isiyopungua hata punje, kwamba siku hiyo kabla ya saa kumi, katika chumba cha mwisho cha korido, mtu mmoja aliyevaa sweta la kuazima aliyaomba maji yasiwake, na maji, kwa rehema za Mungu, hayakuwaka.