Mratibu wa Namba za Walinzi

Jumatatu, 15 Septemba

Nimerudi kazini. Miaka mitano ya ustaafu imetosha. Mama Justa, meneja wa chama chetu cha ushirika, ameniita ofisini Masuguru na kunipa cheo cha Mratibu wa Namba. Meza moja, kiti chenye mto, dirisha linalofunguka. Wiki moja ya majaribio. Nikifaulu, meza ni yangu mpaka nichoke.

Shida yenyewe nimeielewa mara moja, maana nilikaa masjala miaka thelathini na moja. Kompyuta kuu ya chama, inayotunza habari za mashamba na mifugo ya wanachama wa Korogwe na Handeni, ina walinzi wawili. Si watu. Ni programu zilizopachikwa ndani kabisa ya mfumo endeshi. Mmoja kaandikwa na binti Yusra wa ofisi ya hapa. Huyo anaangalia ni nani anafungua faili gani. Wa pili kaandikwa na kijana Lenku wa ofisi ya Handeni. Huyo anazuia programu nyingine zisiguse kisichozihusu. Wote wawili wanaandika katika daftari moja la ukaguzi, humo humo ndani ya kompyuta, na kila mstari unaanza na namba ya kutaja aina ya tukio.

Sasa Yusra na Lenku kila mmoja alijichagulia namba bila kumuuliza mwenzake. Kwa mlinzi wa Yusra, 1420 maana yake mtu amekataliwa kuingia. Kwa mlinzi wa Lenku, 1420 maana yake nimeamka, hali ni shwari. Wiki iliyopita asubuhi moja zilionekana 1420 kumi na moja, na ofisi nzima ikafurahi kwamba hali ni shwari mara kumi na moja. Kumbe ni katibu, kasahau neno lake la siri. Safari ijayo atakuwa mwizi.

Wakaguzi wanakuja Ijumaa. Wakikuta daftari halisomeki, kumbukumbu zetu zitahamishiwa mkoani, na meza yangu itakwenda na maji. Au mbaya zaidi, itakwenda kwa Mhina. Mhina ni mstaafu mwenzangu wa masjala ile ile, sasa anakaa Handeni, na ameshapiga simu mara mbili kuiulizia meza hii.

Namba moja kwa wawili naijua vizuri. Mwaka 1974 serikali ilipotuhamisha kutoka upande wa Mazingara kwenda kijiji cha ujamaa, kiwanja chetu kipya kilikuwa na kijiti kimeandikwa 17 kwa chaki. Alasiri ikafika familia nyingine na karatasi yao: 17. Tuliishi mwaka mzima kiwanja kimoja, mama wawili jiko moja, baba wawili hawasemezani. Nyumba tuliyoiacha sikuiona tena. Mlango wake ulitazama mashariki.

Jumanne, 16 Septemba

Nimepata mkakati. Dawa ya shida hii ni ndogo sana: kila mlinzi apewe fungu lake la namba, basi. Hapo ndipo penye hatari. Mratibu anayemaliza kazi Jumanne, Jumatano meza ya nini?

Kwa hiyo namba nitazitoa mwenyewe, kidogo kidogo, kutoka kwenye daftari nililonunua asubuhi. Daftari litalala nyumbani, chini ya mto. Anayetaka namba atakuja, ataniamkia, atakaa, ataeleza shida yake.

Wa kwanza kuja ni Yusra. Shikamoo babu Awadhi, naomba namba ishirini. Nikampa tatu. Akauliza kwa nini orodha yote isiandikwe ndani ya programu yenyewe, juu kabisa, walinzi wote waisome. Nikamwambia mambo hayaendi hivyo, nikamsimulia habari ya nyumba namba kumi na saba ili ajifunze. Dakika arobaini. Alisikiliza vizuri, lazima nikiri.

Lenku akapiga simu kutoka Handeni na hoja ile ile. Akasema kwao kila ukoo una mkato wake wa sikio la ng'ombe, na mikato haigongani, kwa sababu iko sikioni ambako kila mtu anaiona; haiko kwenye daftari la mzee mmoja. Nikamwambia Ijumaa hawaji kukagua ng'ombe. Akacheka. Sikukipenda kile kicheko.

Jumatano, 17 Septemba

Pigo. Mhina amejipenyeza. Mama Justa amemkubali awe Mratibu wa Namba, upande wa Handeni, "ili kazi iende haraka, wazee wangu."

Nikampigia. Akaniuliza hali ya magoti yangu. Nikamuuliza hali ya macho yake. Nikamwomba anisomee daftari lake, akaniomba nianze mimi. Tukaagana kwa heshima nyingi sana.

Lakini namfahamu. Mhina ni mtu wa moja, mbili, tatu. Fungu jipya kwake litaanza 1500, haiwezi kuwa vingine, na atatumia namba chache tu. Mimi nimempa Yusra zote ishirini, kuanzia 1550. Namba isiyofikirika. Nimemsimamia mpaka amebadilisha zote, na Lenku huko naye amebadilisha za kwake. Nimelala mchana kwa amani.

Alhamisi, 18 Septemba

Saa mbili asubuhi Mama Justa kafungua kompyuta asome muhtasari wa kikao. Saa mbili na dakika nne daftari la ukaguzi likaonyesha kwamba amefuta faili arobaini na moja. Kompyuta ikamfungia nje. Meneja mzima amekaa kwenye korido, juu ya kiti changu, ananitazama.

Hakufuta chochote. Kwa mlinzi wa Yusra, 1552 ni faili limefutwa. Kwa mlinzi wa Lenku, 1552 ni programu imeruhusiwa kusoma.

Mhina naye alianzia 1550.

Nikamuuliza kwenye simu kaitoa wapi. Akajibu ni wazo lake, hakuna mwingine angelifikiria. Nikamwita mwizi. Akasema mwizi ni mimi. Ndipo tukakumbuka, wote kwa pamoja, kwamba bosi wetu wa masjala alitufundisha kuanza kila jalada jipya na hamsini, kuacha nafasi nyuma kwa wachelewaji. Alikuwa mtu mzuri, yule bosi.

Mama Justa akasema, "Wazee wangu, nendeni mkapumzike." Najua maana ya kupumzika. Nimeondoka na mto wa kiti.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimekwenda kurudisha mto. Nimewakuta wakaguzi wanatabasamu.

Kumbe jana, wakati mimi na Mhina tukiitana wezi, Yusra na Lenku walikaa kwenye simu mpaka magharibi na kuandika orodha moja, ndani ya programu, juu kabisa. 1400 hadi 1499 za Yusra. 1500 hadi 1599 za Lenku. 1600 wazi kwa mlinzi atakayekuja, na anayetaka namba anaandika jina lake hapo hapo, mbele ya wote. Kumbukumbu zinabaki kwetu.

Mkaguzi mkuu akauliza mratibu ni nani. Yusra akaninyooshea kidole. Mkaguzi akanipa mkono, nami nikaupokea.

Baadaye nikasoma orodha mwenyewe, mstari kwa mstari. Kwenye 1417 pameandikwa: Isitumike. Nyumba ya Mzee Awadhi.

Yusra akasema safari hii ina mwenyewe mmoja tu, babu. Nilisimama dirishani muda mrefu kidogo. Upande ule ni mashariki.

Jumamosi, 20 Septemba

Mama Justa ameniachia meza, na kazi nyingine: namba za viti vya mkutano mkuu, watu mia tatu. Mimi nagawa kadi kwa wanachama wa Korogwe, Mhina kwa wa Handeni. Ukumbi mmoja. Ukibandika orodha moja mlangoni, kazi inakwisha kwa saa moja.

Nimenunua daftari jipya.

Mke wangu Hajira ameuliza kama nimempigia Mhina tukubaliane. Nimemwambia nikimpigia atajua siri. Mhina ataanza na moja. Safari hii amejifunza.

Kadi zangu zinaanzia hamsini.