Mama Alikufa Episode ya Kwanza

Lundi, tarehe 9 mwezi wa tatu

Nimekufa! Nimejua leo sokoni, nikiwa na beignet mukononi, ile mandazi ninauzaka.

Bamama bote tulikuwa tungali tumevaa pagne za jana, za fête ya banamuke. Angèle, mwenye kuuza unga ya muhogo pembeni yangu, aliweka telefone juu ya mufuko na kutuita. Asema kuko hadisi moja ya malaika, inaitwa Mbawa Juu ya Mudzipela, inaingia mu groupe kila magaribi, Bunia yote inaisikiliza. Nilitega sikio. Sauti ile! Ni Dorcas! Mutoto yangu wa kwanza, niliyemubeba mugongoni toka Butembo mpaka hapa! Kumbe njo kazi anafanyaka kwa voisine, jirani yetu, kila magaribi. Anaandika, kisha anasoma mu audio. Nilipiga makofi. Nilitangazia soko nzima: huyu ni wangu, nilimuzaa mimi!

Kisha hadisi ikaanza. "Chancelle hakukuwa na mama. Malaria ilimubeba mbele ya mvua kuanza."

Basi. Ni vile tu. Hapana dawa, hapana kilio, hapana kahawa ya matanga, hata kiti moja habakukodisha. Kufa kwangu hakukufika hata nusu ya pumzi.

Chancelle analelewa na Tante Kahindo. Mashavu makubwa, kicheko ya kuku, na anaweka ndizi mbivu mu beignet. Nani mu Bunia nzima anaweka ndizi mu beignet? Kanyere! Voisine yangu! Nyumba yake inatazama yangu, meza yake inatazama meza yangu! Na malaika mwenyewe, Zefarieli, mbawa kama moshi ya mvua, anashuka juu ya bati, anakula beignet za Tante Kahindo, anasema mbinguni hakuna kitu kama hii.

Muteja mumoja alikuwa ameshika beignet yangu. Aliirudisha. Alivuka kwa meza ya Kanyere.

Kanyere akaniita toka ngambo: pole sana Mama Dorcas, tumesikia ulishakufa, Mungu akulaze pema. Soko yote ikacheka. Kicheko ya kuku, kweli!

Naandika mu cahier ya calcul ya Fiacre, mutoto yangu mudogo, juu Dorcas alisemaka mutu akiandika roho inapoa. Yangu bado.

Mardi, tarehe 10

Nilipika samaki ya Kasenyi na sombe, majani ya muhogo yenye mafuta mingi. Nilimupa Dorcas kichwa ya samaki, ile bwana yangu Léon anapendaka. Léon alitazama kichwa yake ikienda, akachukua mukia. Ni bwana muzuri.

Dorcas akala. Nikauliza polepole, kama mutu asiyejali: ule mama wa Chancelle, ilikuwa lazima afe?

Alicheka mpaka samaki ikamukwama. Asema ni lazima. Mu hadisi za malaika musichana ni yatima. Mama akiwa muzima, malaika anashuka juu ya bati, mama anatoka na mwiko, anamuuliza weye mutoto wa nani, wazazi bako wapi, unasali kanisa gani, na shati yako iko wapi. Malaika anarudi mbinguni. Hadisi imeisha episode ya kwanza.

Nilikasirika. Nilimuambia mama wa kweli hawezi kufanya vile.

Kisha nikamuuliza kama wazazi ya Zefarieli bako wapi. Na ile shati.

Akaosha sahani, akabeba telefone, akavuka kwa Kanyere.

Kwa Kanyere kuko panneau ya jua, ya kutia moto mu telefone. Kwa Kanyere hakuna batoto, bake bote balioleka Kampala. Kwa Kanyere kuko kimya. Najua. Lakini mutoto ni wa mutu!

Léon alisema: bibi, hii ni hadisi tu, mutu mwenye akili hawezi kukosa usingizi juu ya hadisi. Akalala palepale, na mabaki ya mbao mu nywele. Seremala habana roho.

Jeudi, tarehe 12

Nimepata akili. Kama Dorcas anataka kimya, kimya nitamupa!

Nilimutuma Fiacre kwa nyanya yake. Nilifukuza kuku. Léon nilimukataza kupiga randa. Nikaweka meza karibu ya dirisha, kitambaa, kiti yenye haitikisiki, thermos ya chai. Dorcas aliingia, akatazama yote, akasema: ah, mama! Akaniangalia kama zamani, akiwa mudogo. Akakaa kwangu!

Nilikaa mbele yake, nisiongee, nione tu kama hakosi kitu. Niliuliza mara moja tu kama baridi haiko. Na kama chai ina sukari. Na kama Zefarieli amekula leo. Na huyu Dady wa mu hadisi, motard wa pikipiki anayegeuka chui kila mwezi ukijaa, kama mama yake ni muzima. Dorcas alisema ndiyo, muzima.

Mama ya chui ni muzima!!

Sikupiga kelele. Nilisema tu kama ni jambo ya kufurahisha sana kwa huyo mama.

Telefone ikazimika, moto imeisha. Dorcas akavuka.

Magaribi tukasikia episode mupya. Chancelle amelala juu ya meza, amechoka na mapendo. Tante Kahindo anakuja, anamufunika na couverture nyekundu yenye simba, bila kusema neno. Angèle alituma mu groupe vile vichwa vya manjano vyenye kulia, vitano.

Ile couverture ni yangu! Niliinunua mimi, simba na yote! Dorcas anaibebaka kule juu ya baridi. Kanyere anafunika mutoto yangu na couverture yangu, na ni yeye anapata machozi ya watu!

Na "bila kusema neno." Neno hilo limenichoma mahali.

Posho, tarehe 14

Leo nimefufuka.

Dorcas alikuwa anaoga. Telefone iko juu ya meza. Sijui kusoma haraka lakini ile kitufe ya micro naijua vizuri. Nikalegeza sauti kama yake, nikafinya.

Nilisema: episode mupya. Mulango ukagongwa. Nani? Ni mama! Hakukufa. Balizika mama mwingine, jina zilifanana. Aliingia, akamukumbatia Chancelle, akamushukuru Tante Kahindo kwa kazi yake na kumuonyesha njia ya kwenda kwake. Malaika akapiga magoti. Mama akamuuliza juu ya wazazi, kanisa, shati, na mbuzi za dot, yaani mahari, zitapita wapi kama mbinguni hakuna njia. Malaika alijibu yote vizuri. Kisha akaonja beignet za mama, zisizo na ndizi. Alikula mpaka mbawa zikakataa kumupandisha.

Nikatuma. Muzuri sana! Nilijua nina kipaji.

Kisha nikasikiliza. Nyuma ya sauti yangu kuko kuku anatangaza yayi. Na Léon anaita toka chumbani: Mama Dorcas, pantalon yangu iko wapi?

Nilitafuta namna ya kufuta. Nilifinya bintu byote. Nilituma audio mara ya pili.

Siku ya Yenga, tarehe 15

Kanisani hakuna mwenye kukaa kwa banc yangu.

Habakuelewa! Hakuna hata mumoja aliyeamini kama mama ni muzima. Angèle alinieleza mbali kidogo, mukono juu ya kifua: mutu aliyekufa episode ya kwanza, akagonga mulango leo, huyo ni muzimu, ni wazi. Na ile sauti ya mwanaume anayedai pantalon, asema inatoka kaburini. Bamama wa chorale baliomba juu ya Chancelle. Kwa jina!

Nilimuambia: Angèle, ni bwana yangu, unamujua, alikutengenezea mulango. Alisema ndiyo, na mulango inalia kila magaribi.

Dorcas hakunigombeza. Ingekuwa heri. Alisema: mama, batu benye kungoja sauti yangu ni kitu moja tu niko nayo. Akageuza code ya telefone. Akabeba couverture, mwenyewe, akaikunja vizuri, akavuka kulala kwa Kanyere. Asubuhi hii kitanda yake ilikuwa imetandikwa kama ya mugeni.

Léon alisema tumuache. Nilisema nimeacha. Nilisimama kwa mulango, kuacha kwangu njo vile.

Lundi, tarehe 16

Mungu wangu. Dorcas ameniingiza mu hadisi.

Niliomba kuingia, ni kweli. Sikuomba hivi! Mama wa Chancelle anatoka kaburini, unga mikononi, kuku mweusi nyuma yake, anatembea quartier Bankoko nzima akiuliza: pantalon iko wapi? Dady mwenye kugeuka chui anamuona, anageuka, anapanda muti. Chui!

Sokoni ni Mama Muzimu huku, Mama Muzimu kule. Batoto banakimbia na kucheka. Kanyere alifanya ishara ya musalaba na kijiko ya mafuta. Asema: Mama Muzimu, usituue, chukua beignet!

Nilivuka. Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu asubuhi. Nilimuambia Kanyere arudishe mutoto yangu, couverture yangu, na wateja yangu.

Alinipa kiti. Sikungoja hiyo. Asema yeye pia ana hasira: mashavu makubwa, kicheko ya kuku, nani alimuomba Dorcas aseme hivyo mbele ya Bunia? Na asema huyo mutoto hakulaka kwake hata siku moja. Anamupa sahani, anakataa, anasema mama yangu atauliza kama nimekula, nitamudanganya namna gani?

Nilikaa kwa kiti yake. Mimi! Alinipa beignet nifunge mudomo.

Ile ya ndizi ni muzuri. Nitaikana mbele ya jaji.

Mercredi, tarehe 18

Leo episode ya mwisho. Soko ilinyamaza, hata benye kuuza mbuzi.

Zefarieli anashuka na upanga ya moto kumufukuza Mama Muzimu. Dady anakuja upande wa pili na makucha. Banamupiga, haanguki. Banamupiga tena, anasogea. Mwisho malaika amechoka, anauliza: weye kitu ya giza, unatafuta nini kwetu?

Mama Muzimu anasema: nataka kujua kama mutoto amekula.

Ni hiyo tu. Alitoka kaburini juu ya hiyo tu.

Chancelle anakaa chini, anakula sombe mbele yake mpaka sahani inang'aa. Malaika anangoja muzimu iondoke. Haiondoki. Inakaa kwa mulango na kuku yake. Basi malaika ananyoosha mukono: Chancelle, twende juu, mbawa zangu ziko tayari. Na Chancelle anasema: nitakuja, lakini si leo. Mama iko kwa mulango.

Audio ikaisha. Angèle alilia mpaka unga ikawa bugali. Kanyere alilia na kijiko. Mimi niliacha beignet kumi ziungue.

Magaribi Dorcas alirudi na couverture. Akakaa. Nikamupa sahani. Nilikuwa na maneno mingi, juu ya baridi, juu ya chai, juu ya ule kuku mweusi, yetu ni mwekundu. Sikusema hata moja. Nilimufunika mabega, bila kusema neno. Ilimaliza nguvu yangu yote.

Alisema: mama, uko mugonjwa?

Nimeelewa kila kitu. Mutoto anapenda mama yake mu hadisi na inje ya hadisi. Toka leo sina wivu na mutu.

Posho, tarehe 21

Hadisi mupya! Ya batu benye kugeuka mamba mu muto Shari, na malaika wa maji. Tulikaa kusikiliza, Léon pia, anacheka. Sauti ya Dorcas: "Mireille hakukuwa na papa. Mamba ilimukula siku ya harusi."

Léon aliacha kucheka. Alisema ni hadisi tu. Kisha akauliza kama mamba ilimukula yote. Kisha akatoka inje, akapiga randa ubao moja mpaka ikaisha.

Lakini mama ya Mireille ni muzima! Nilicheza! Nilimuimbia Fiacre! Mama muzima, hodari, mamba yenyewe inamuogopa! Nilivaa pagne ya 8 mars na kwenda sokoni kupokea pongezi.

Na Angèle alikuwa anapokea pongezi. Amesuka nywele. Juu mama ya Mireille anauza unga ya muhogo, asema. Juu anasimamaka na mukono juu ya kifua, asema. Mimi siuzi unga! Mimi sisimamaki vile! Niliweka mukono juu ya kifua kuona. Siyo mimi.

Sasa Dorcas anaoga. Ile code mupya Fiacre aliiona, ilikuwa rahisi, ni siku niliyozaliwa. Niliingia polepole kuchukua telefone, nikakuta Léon amesimama pale, anaitazama.

Tuliangaliana.

Alisema: bibi, anza weye, mimi nitatoka tumboni mwa mamba nyuma yako. Kuku tumeifunga. Safari hii pantalon Léon ameivaa mbele ya kuanza.